Saa Arobaini na Nane za Mama Dotun

Mama Dotun alipotajiwa bei ya kiti kimoja cha sinema, alidhani binti wa dirishani anamuuzia kiti chenyewe, akibebe aende nacho nyumbani. Akamwomba arudie. Binti akarudia, naira elfu sita, bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Mama Dotun alikuwa amekuja na watu watano, yeye wa sita. Wote walikuwa wamevaa sare ya rangi ya kahawia na dhahabu, wote aliwafunga vilemba kwa mikono yake tangu asubuhi, na wote walikuwa wageni wake. Pale Ibadan huwezi kuwaita watu kwenye furaha yako, ukawashonea na sare, halafu ukifika mlangoni ukamwambia kila mtu atoe chake mfukoni. Alisimama mdomo wazi mpaka mtu aliyekuwa nyuma yake akakohoa.

"Kwa bei hiyo, na chakula kimo?" akauliza.

"Bisi zinauzwa pale, mama."

Akaangalia pale. Ndipo aliposhika kiuno. Mahindi yale yale ambayo kwa bei ile angenunua debe zima sokoni Bodija, hapa walikuwa wanayatia kwenye kopo la karatasi, tena kopo lenyewe halijai. Alhaja, wifi yake, dada mkubwa wa marehemu mumewe, alisogea na fimbo yake akasoma bei zote mbili kwa sauti ili kila mtu asikie. Kisha akasema yeye hana njaa, ila wakinunua hatakataa.

Akalipa. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ya mwaka mzima.

Mama Dotun ni mfunga vilemba. Si vile vya dukani vilivyokwisha kushonwa ambavyo mtu anavivaa kama kofia, hivyo hata kuvitaja hapendi. Yeye hufunga kitambaa kigumu kinacholia kikikunjwa, akakipanga tabaka juu ya tabaka kichwani mwa mwanamke aliyekaa kimya, yeye mfungaji pini zimemjaa mdomoni. Kila Jumamosi, kabla ya alfajiri, yuko nyumbani kwa bibi harusi fulani. Hagusi kitambaa kabla hajautazama uso kwanza. Anajua nani amelia usiku kucha, nani nywele zinamkatika, nani kichwa kinamuuma na hataki mumewe ajue. Anafunga ipasavyo na habari zinabaki ndani ya kilemba. Ncha za vidole vyake zimekuwa ngumu kiasi kwamba akimshika mtoto shavuni, mtoto hulalamika.

Mwaka uliotangulia, watengenezaji wa filamu walikuja Ibadan kupiga picha za harusi kubwa, harusi ya zamani, na walitaka vilemba vya miaka arobaini iliyopita. Vijana wao hawakujua hata pa kuanzia. Mtu akawaelekeza mtaa wa Oke-Ado, kwa Mama Dotun. Alifunga vichwa sitini kwa siku tatu, chini ya jua, huku watu wakipaza sauti za kusimama na kuanza upya. Siku ya mwisho akaja kijana mmoja na orodha mkononi, anauliza majina ya kuandikwa mwisho wa filamu. Wanawake wa filamu waliokuwa wakimshikia vitambaa wakamjibia, andika Mama Dotun, inatosha.

"Ngoja," akasema. "Andika Asabi Olosunde."

Yeye mwenyewe alishtuka lilipomtoka. Asabi ndilo jina alilokuwa akiitwa na baba yake kila alipomwamsha, na Olosunde ni ukoo wa baba huyo. Alipoolewa Oke-Ado hakuna aliyemwita hivyo. Ukweni kwao mke haitwi kwa jina. Kwanza alikuwa "mke wetu", akamzaa Dotun akawa Mama Dotun, na siku ya ndoa alipewa jina jingine la kuandikia kwenye fomu, Rafatu, ambalo mwanawe mwingine, Teniola, alilijua kutokana na karatasi za shule. Asabi lilibaki kwa mumewe tu, tena chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Tangu siku hiyo hakuna kiumbe aliyelitamka. Kijana akauliza linaandikwaje, naye akamtajia herufi moja moja, akihakikisha kwa macho kila moja inaingia.

Nyumbani akasema neno moja tu, kwamba jina lake litatoka kwenye sinema. Hakusema jina gani, na mtu wa kumuuliza hakuwepo. Alhaja alicheka mpaka akakohoa.

"Mke wetu, yale majina ya mwisho ni ya mabosi," alisema. "Nani amwandike mfunga vilemba? Utatuambia na mchemsha chai ameandikwa."

Wimbo ukawa huo mwaka mzima. Wageni wakija, Alhaja anawasimulia. Mama Dotun akichelewa kupika, anaulizwa kama siku hizi mastaa wanaingia jikoni. Alijikaza, akacheka na wenzake, lakini ilimkata maini, maana ndani ya nyumba ile alikuwa amekaa miaka thelathini na moja na hajawahi kuomba kitu cha kwake peke yake. Hiki kimoja alikiomba. Alitaka kionekane, na kionekane mbele yao.

Sasa turudi sinema. Walikaa safu ya nne, vilemba sita vimesimama. Filamu haijafika hata mbali, mwanaume wa safu ya tano akaanza kulalamika kwamba amelipa elfu sita kutazama visogo. Akaja mhudumu na tochi, akawaambia akina mama wavue vilemba au watoke. Fikiria mwenyewe. Kwenye skrini kuna vilemba sitini vya Mama Dotun, watu wanavishangilia, na yeye aliyevifunga anaambiwa avue chake. Hakuvua. Alhaja naye, kwa yote mabaya ninayoyasema juu yake, hakuvua, na alimjibu yule mhudumu maneno ambayo sitayaandika hapa. Mwisho wakahamishwa safu ya nyuma kabisa, ambako shingo inauma na sauti inakuja nusu.

Filamu ikaisha. Mama Dotun akakaa wima. Herufi nyeupe zikaanza kupanda, jina la kwanza, la pili, na papo hapo taa zikawashwa, wafagiaji wakaingia na mifagio, na picha ikazimwa. Alibaki ameduwaa kama mtu aliyenyang'anywa sahani mkononi. Akamkimbilia mfagiaji akimwomba awashe tena, dakika chache tu, jina lake limo humo.

"Mama, hakuna anayesoma hayo," yule mfagiaji akamwambia, wala si kwa ubaya. "Kuna watu wanasubiri nje."

Alhaja alisema basi, wameona, kilichobaki ni kwenda nyumbani. Maneno yalikuja kesho yake, na yakaendelea miezi miwili.

Siku moja Teniola alirudi kutoka kazini, anauza dawa duka moja la Ring Road, akamwambia mama yake kwamba filamu ile sasa inakodishwa mtandaoni. Unalipa mara moja, unaitazama nyumbani kwenye televisheni yako, saa arobaini na nane tangu unapobonyeza icheze.

"Kila mtu analipa?"

"Hapana, mama. Unalipa mara moja, nyumba nzima. Elfu mbili na mia tano."

Mama Dotun alikaa chini. Chini sakafuni, si kwenye kiti. Nyumba nzima, kwa chini ya nusu ya kiti kimoja cha safu ya nyuma! Alianza kuhesabu jinsi alivyoibiwa, akaacha, maana hesabu ilimpandisha presha. Kilichomshtua zaidi ni kwamba nyumbani hakuna mfagiaji. Majina yatapanda mpaka la mwisho kabisa, na hakuna wa kuwasha taa. Akamwambia Teniola akodi Ijumaa, watazame Jumapili baada ya chakula cha mchana, siku ambayo hakuna wa kusingizia kazi.

Hapo akafanya kosa ambalo mtu wa Ibadan peke yake ndiye angelifanya. Alimwambia jirani mmoja. Mmoja tu, mke wa fundi viatu, na akamwambia njoo na watu wa nyumbani kwako. Mwalike mtu mmoja wa Oke-Ado kwenye jambo lako halafu uone. Ilipofika Jumamosi jioni, watu wasiopungua thelathini walikuwa wamethibitisha kuja, na wanne walikuwa wameuliza sare ni ipi. Watu thelathini hawakai mbele ya televisheni kwa midomo mitupu. Ikabidi wali wa jolofu uwepo, na kuku, na moimoi ya kunde, na soda kwenye beseni la barafu, na viti vya kukodi, na turubai uani pa kuwekea televisheni. Teniola naye akanunua bando kubwa la intaneti, kwa sababu filamu ndefu inakula bando bila huruma. Mama Dotun akajumlisha kichwani mambo yote haya akiwa anakatakata vitunguu, na alipoona jumla imepita sinema, imepita hata sinema pamoja na bisi, kisu kikamponyoka mkononi. Filamu ya elfu mbili na mia tano! Akamuuliza Mungu kama kuna njia yoyote katika mji huu ambayo mtu anaweza kutazama jina lake kwa bei ya kawaida.

Halafu ikagundulika kwamba Teniola, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameijaribu filamu Ijumaa saa kumi na moja jioni aone kama inacheza. Alibonyeza, ikacheza, akazima. Lakini saa zilishaanza kuhesabu. Jumapili saa kumi na moja jioni filamu ingejifunga yenyewe, wageni wawe wamemaliza au hawajamaliza.

Wakaanza saa nane, wakiwa na nafasi ya kutosha. Saa nane na nusu umeme ukakatika. Ua mzima ukaguna kwa pamoja, guno lile la mtu aliyezoea. Jenereta ilikuwepo, mafuta hayakuwepo, na Jumapili hiyo foleni kituoni ilikuwa imekunja kona. Aliyetumwa mafuta alirudi saa tisa na robo. Mama Dotun alikuwa ameshakunywa maji bilauri tano na haendi hata haja. Kila mara alimuuliza Teniola ni saa ngapi, na kila mara Teniola alimjibu ni dakika mbili tangu ulipouliza.

Lakini vilemba vilipotokea skrini, hata mimi ninayesimulia niliinua shingo. Vilijaa televisheni nzima, vyekundu, vya samawati, vya zambarau, kila kimoja kimesimama kivyake. Wanawake uani wakapiga vigelegele. Mke wa fundi viatu aligeuka akamtazama Mama Dotun kama ndiyo kwanza anamwona. Alhaja, aliyekaa kiti cha mbele kabisa, akasema vile vya upande wa kushoto vimelegea kidogo.

Filamu iliisha zikiwa zimebaki dakika tisa. Herufi zikaanza kupanda, na hapo hapo ile picha ikajikunja ikawa ndogo pembeni, na mahali pake ikatokea filamu nyingine kabisa, watu wanakimbizana na bastola, na namba zinahesabu kurudi nyuma. Kumbe mfagiaji yupo hata mtandaoni. Mama Dotun alitoa sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia kwake. Teniola akairukia rimoti, akabonyeza hiki na kile, na kwa rehema za Mungu majina yakarudi, yakajaza skrini.

Teniola akasimama kando ya televisheni akawa anawasomea wasioona vizuri. Waliopiga picha. Walioshona nguo. Waliobeba taa. Waliopika.

"Wapishi wameandikwa," mtu akasema nyuma, na wengine wakacheka, maana Alhaja alikuwa ameapa hawaandikwi.

Mama Dotun alikuwa ameshainuka nusu kwenye kiti, mikono kwenye magoti.

"Vilemba, Asabi Olosunde," Teniola akasoma. "Madereva, Sunday Eze..."

Akaendelea. Mama Dotun akabaki vile vile nusu kasimama, akingoja kelele. Kelele hazikuja. Mtu mmoja aliomba apitishiwe soda. Jina la baba yake lilikuwa limepanda mbele ya watu thelathini, limesomwa kwa sauti na mtoto aliyemzaa mwenyewe, na mtoto huyo amelipita akaenda kwa madereva. Siku zote alikuwa ameogopa kwamba halitaandikwa. Kwamba litaandikwa na asiwepo wa kulijua, hilo halikuwahi kumpitia kichwani hata siku moja.

Majina yakaisha. Teniola akageuka, macho yamemlowa.

"Pole, mama. Hawakukuandika."

Na hapo ndipo Alhaja alipogonga fimbo yake chini. Mama Dotun akajiandaa kupokea. Lakini wifi yake hakuwa akimcheka. Alikuwa akitetemeka kwa hasira.

"Mbwa hawa," Alhaja alisema. "Mke wetu amewafunga vichwa sitini juani, jasho linamtoka, nilimwona siku hizo anarudi vidole vimevimba. Halafu wanamwandika Asabi. Asabi ni nani? Asabi alishika pini gani? Mwizi mkubwa huyo Asabi."

Ua mzima ukamwunga mkono. Sijawahi kusikia mtu akitukanwa kwa upendo kiasi kile. Mke wa fundi viatu alisema anawafahamu akina Asabi wa aina hiyo, wanakuja mwisho kazi imekwisha, wanachekea mabosi. Mwingine akaahidi kumtafuta Asabi huyo mpaka kwao na kumvua kilemba sokoni. Miaka sita jina lile lilikuwa halijatamkwa na mtu mwingine, sasa linatamkwa na watu thelathini kwa mpigo, na kila anayelitamka analilaani. Mama Dotun alitaka kucheka, alitaka kulia.

"Teniola," akasema. "Rudisha nyuma. Pale kwenye vilemba."

"Mama, zimebaki dakika tano."

"Rudisha."

Teniola akarudisha, akalisimamisha pale. Mama Dotun akatembea katikati ya viti mpaka mbele, akaweka kidole kigumu juu ya kioo, chini ya jina.

"Asabi ni mimi," akasema.

Jenereta ilikuwa inanguruma peke yake nyuma ya jiko. Teniola alimtazama mama yake, akatazama skrini, akamtazama tena, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyegundua chumba katika nyumba aliyozaliwa.

"Wewe ni Mama Dotun," Alhaja alisema polepole.

"Dotun nimemzaa, ndiyo. Asabi ndilo nililokuja nalo. Olosunde ni baba yangu."

"Miaka thelathini na moja, na hukutuambia?"

"Hamkuniuliza, Alhaja."

Alilisema bila ukali, na pengine ndiyo maana liliingia. Alhaja, ambaye nimemsikia akimnyamazisha imamu, akailaza fimbo mapajani. Na katika kumtazama vile amekaa, Mama Dotun akapigwa na mshtuko mwingine, wa mwisho siku hiyo na mkubwa kuliko yote. Yeye pia hakujua. Alikuwa amempikia mwanamke huyu miaka thelathini na moja, amemwosha miguu alipougua, na kabla Alhaja hajaenda Makka alikuwa akimwita Dada Mkubwa kama mumewe alivyomwita. Jina lake hakuwahi kulisikia.

"Na wewe?" akamuuliza. "Kabla ya Alhaja ulikuwa nani?"

Wajukuu wa Alhaja waliokuwa wamekaa mkekani wakageuza shingo wote kumtazama bibi yao. Kumbe hata wao walikuwa wanangoja. Alhaja alikuwa kama anatafuta kitu alichokiweka mahali pazuri mno.

"Ayinke," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Aliyekuwa akiniita hivyo ni mama yangu. Alikufa kabla wewe hujaletwa hapa."

Skrini ikawa nyeusi. Saa kumi na moja ilikuwa imefika, na maandishi yakatokea yakisema muda wa kukodi umekwisha, ukitaka kutazama tena lipia upya. Watu wakaanza kukusanya viti taratibu, wakizungumza chini chini. Mama Dotun alikuwa bado ameweka kidole kwenye kioo kitupu.

Alhaja akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake, mahali anapoweka fedha ambazo hajawahi kumpa mtu. Akatoa noti, akazinyoosha moja moja juu ya goti, akamnyooshea Teniola.

"Kodi tena," akasema. "Asabi alipopita pale nilidhani ni mwizi, sikumwona vizuri. Nataka nimwone."